Eti Mzungu wa Ulaya anapenda starehe, Mmarekani anapenda pesa?

Dhana: Ndivyo walivyozaliwa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Mfaransa, Mjerumani na Mmarekani walifanya kazi saa zinazokaribiana kwa mwaka. Leo Mmarekani amewaacha mbali. Tabia ya kuzaliwa haibadiliki upesi hivyo. Kilichowatenganisha zaidi ni sheria, kodi na nguvu za vyama vya wafanyakazi. Ufaransa ilipata wiki 2 za likizo yenye malipo mwaka 1936, baada ya wafanyakazi kugoma wakiwa wamekalia viwanda usiku na mchana. Kufikia 1982 zikawa wiki 5. Hata mkate uliwekewa utaratibu: hadi 2015, waokaji wa Paris walipangiwa zamu, wengine wafunge Julai na wengine Agosti, ili jiji lisilale njaa.

Umoja wa Ulaya unadai wiki 4 kwa uchache. Sheria ya shirikisho ya Marekani haimlazimishi mwajiri binafsi kutoa hata siku moja. Kwa sheria ya Kenya, askari wa getini ana haki ya likizo yenye malipo ya siku 21 za kazi kila mwaka. Ndugu yake aliye ghalani Marekani anasubiri hisani ya bosi. Hilo linaniuma, maana huku nyumbani tunamwona yule wa Marekani ndiye aliyepata.

Dhana: Wamarekani hawajawahi kudai mapumziko.

Mei Mosi tunayoandamana Nairobi na Dar es Salaam chimbuko lake ni Chicago, 1886, kwenye mgomo wa kudai saa 8 za kazi kwa siku. Viongozi wanne walinyongwa mwaka uliofuata. Mwaka 1933 Seneti ya Marekani ilipitisha muswada wa wiki ya saa 30, ingawa haukuwa sheria.

Dhana: Ulaya yote inajipumzisha.

Wagiriki ni miongoni mwa wanaofanya kazi saa nyingi zaidi katika Umoja wa Ulaya.

Dhana: Mmarekani hutoa bakshishi nono ili aonekane tajiri.

Tangu 1991, kima cha chini cha shirikisho ambacho mwajiri humlipa mhudumu anayepokea bakshishi ni dola 2.13 kwa saa. Bakshishi isipomfikisha kwenye kima cha chini cha kawaida, dola 7.25 kwa saa, mwajiri anatakiwa kujazia. Ufaransa, gharama ya huduma imo tayari kwenye bei ya chakula. Kwa hiyo yule anayeacha asilimia 20 mezani anamlipa mhudumu mshahara.