Alama ya Radi kwenye Simu Haikupi Ruhusa ya Kuvuka Saddle

Masika hayajaisha, na swali lile lile limenifikia tena. Safari hii limetoka kwa mwongozaji kijana aliyekuwa na wageni wake kwenye kambi ya Horombo, Mlima Kilimanjaro, ambaye alinitumia picha ya ramani ya radi kutoka kwenye simu yake, alama nyekundu zikiwa zimejaa upande wa Taveta, na chini yake akaandika: "Shikamoo mwalimu. Radi iko mbali, kilomita kama ishirini. Tuvuke Saddle twende Kibo?" Nilimjibu asiuvuke uwanda huo wazi ulio kati ya vilele vya Mawenzi na Kibo. Yeye angalau aliuliza. Wengi huitazama ramani, wakaridhika na umbali, wakaondoka na wapagazi nyuma yao. Naandika haya kwa ajili ya hao, kwa sababu imani kwamba alama ikiwa mbali njia ni salama inazidi kuenea miongoni mwa waongozaji wa Moshi na Arusha, na ni imani ya hatari.

Tuanze na alama yenyewe. Radi inapopiga hutoa mawimbi ya redio, ambayo ndiyo ile mikwaruzo inayosikika kwenye redio ya masafa ya kati mvua inapokaribia. Vituo vya ardhini huyanasa mawimbi hayo, hulinganisha wakati yalipofika katika kila kituo, kisha hukokotoa mahali yalipotoka. Kwa kuwa mawimbi hayo husafiri takriban kilomita 300,000 kwa sekunde, kosa la sehemu moja ya milioni ya sekunde ni sawa na kosa la mita 300. Mitandao ya bure inayolisha programu nyingi za simu ina vituo vingi Ulaya na vichache sana Afrika Mashariki. Matokeo yake, kwetu alama inaweza kuwekwa kilomita kadhaa kutoka mahali halisi, na radi nyingi, hasa zile zinazobaki ndani ya wingu, hazionekani kabisa kwenye ramani. Setilaiti ya Ulaya ya MTG-I1, iliyorushwa tarehe 13 Desemba 2022, imeboresha hali kwa sababu huitazama mimweko kutoka juu, lakini doa moja la picha yake lina upana wa takriban kilomita 4.5 pale inapotazama wima, na kwetu tulio pembeni doa ni kubwa zaidi. Isitoshe, haitenganishi radi iliyopiga ardhi na ile iliyobaki mawinguni.

Hata hivyo, usahihi wa alama si jambo linaloniudhi zaidi. Tuchukue kwamba alama ni sahihi hadi mita ya mwisho. Bado inakueleza radi iliyokwisha kupiga, nawe unataka kujua kuhusu ile ambayo haijapiga. Radi inaweza kutoka ubavuni mwa wingu, ikasafiri mlalo, na kupiga ardhi zaidi ya kilomita 15 kutoka mahali mvua inaponyesha, chini ya anga iliyo wazi. Hiyo peke yake inatosha kuondoa faraja ya "kilomita kama ishirini", lakini mlimani kuna jambo baya kuliko hilo. Watu wengi huifikiria dhoruba kama kitu kinachosafiri kutoka mahali pengine, hivyo wanaamini kwamba wataiona ikija kwenye ramani, alama baada ya alama. Kilimanjaro na Meru hazisubiri dhoruba ziletwe. Jua la asubuhi hupasha miteremko joto, hewa yenye unyevu hupanda kutoka msituni, na kufikia mchana wingu lililozaliwa hapo hapo linaweza kukua hadi kuanza kutoa radi. Radi ya kwanza ya wingu hilo haitanguliwi na alama yoyote, kwa sababu kabla yake hapakuwa na kitu cha kunaswa. Vipo vyombo vinavyopima nguvu ya umeme hewani kabla wingu halijapiga, lakini hivyo hufungwa kwenye viwanja vya ndege na maeneo ya kurushia roketi. Mwongozaji wa njia ya Marangu hana. Alichonacho ni macho: wingu linalovimba kwenda juu kama koliflawa na kilele chake kuanza kutanuka. Nywele zikisimama au fimbo za kutembelea zikianza kuvuma, muda wa kufanya uamuzi umekwisha kupita.

Simu haivuti radi, na kuizima hakukusaidii. Kinachohesabika ni urefu wako ukilinganishwa na vilivyokuzunguka, na pale Saddle, kati ya Mawenzi na Kibo, hakuna mti wala kichaka cha maana. Mtu aliyesimama ndiye kitu kirefu kuliko vyote.

Kuhesabu sekunde kati ya mwako na ngurumo ni njia nzuri, sekunde 3 kwa kila kilomita, na kanuni inayofundishwa ni kwamba zikiwa chini ya 30 uwe umekwisha kujificha, kisha usubiri dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho. Naifundisha, lakini sipendi inavyofundishwa kana kwamba imekamilika. Upepo wa Saddle humeza ngurumo, na ukimya si ushahidi wa usalama. Kujificha nako ni wapi? Hema halikingi radi. Vibanda vya mbao si sawa na jengo lenye nyaya na mabomba yanayoupeleka mkondo ardhini, ingawa nitakipendelea kibanda kuliko uwanda. Ule mkao wa kuchuchumaa miguu ikiwa pamoja, unaochorwa katika vitabu vingi, hauna ushahidi thabiti kwamba unaokoa. Unaweza kupunguza hatari ya mkondo unaopita ardhini, lakini kama bado kuna njia ya kushuka, kushuka ni bora. Ndiyo maana uamuzi wa kweli hufanyika Horombo, 3,720 m, kabla ya kuondoka, kwa kuitazama anga na saa. Ukishafika katikati ya uwanda, umebaki kuchagua kati ya mabaya mawili.

Kundi lisikae pamoja. Mwezi Agosti 2016, huko Hardangervidda nchini Norway, kulungu wa aktiki (reindeer) 323 walikutwa wamekufa katika eneo moja baada ya dhoruba ya radi, na maelezo yanayokubalika ni kwamba mkondo ulienea ardhini chini ya kundi lililosongamana. Waachanishe wageni na wapagazi, wakiendelea kushuka huku wakionana.

Wingu likiwafunika mkiwa njiani kurudi, mtahitaji dira, na hapa radi ina athari ambayo waongozaji wachache wanaijua. Mkondo wake hutia usumaku kwenye mwamba uliopigwa, na miamba ya volkano kama yetu, yenye madini ya chuma, huushika usumaku huo kwa nguvu na kwa muda mrefu sana. Miamba iliyojitokeza juu ya vigongo ndiyo inayopigwa zaidi, na ndiyo hiyo hiyo tunayopenda kuwekea ramani na dira ili tupime mwelekeo. Sindano inaweza kugeuka nyuzi nyingi ukiwa umeegemea jiwe la aina hiyo. Dira ya simu nayo hupima usumaku, kwa hiyo itakosea vile vile, na zote mbili zikikubaliana bado hujathibitisha chochote. Simama ukiwa na dira mkononi, mbali na mwamba, pima. Tembea hatua kumi au kumi na tano kufuata mwelekeo ulioupima, kisha pima tena. Sindano ikiwa imehama, usifuate kipimo chochote kati ya hivyo viwili mpaka umesogea zaidi na kupata vipimo viwili mfululizo vinavyolingana.