Je, haki ya bunduki Marekani ilikuwa ya wote tangu mwanzo?

Wengi huamini kwamba tangu Marekebisho ya Pili ya Katiba, mwaka 1791, kila Mmarekani amekuwa na haki sawa ya kumiliki bunduki. Imani hiyo inaeleweka, maana kifungu chenyewe hakitaji rangi. Sheria za majimbo ndizo zilizobagua. Mwaka 1865, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa vimekwisha tu, Mississippi ilimkataza mtu mweusi kuwa na bunduki, risasi, hata jambia, bila kibali cha kaunti. Kwa familia nyingi nyeusi, basi, bunduki hubeba pia kumbukumbu ya kunyimwa ulinzi, jambo zito linalosahaulika mno. Kuhakiki si kazi ngumu: tafuta sheria yenyewe mtandaoni, uangalie mwaka wake na watu iliowataja.