Kopedenti sio tyuning, na leva ya goti imo ndani yake

Wakuu, hili neno kopedenti naomba tuelewane, maana wiki hii tu nimelisikia likitumika vibaya mara tatu, na zote ni habari za leva za goti za pedali stili, lile gitaa la kulaza ambalo pedali za miguu na leva za goti zinabadili noti za nyuzi. Mtu kahamisha rodi, ule ufito wa chuma unaounganisha leva na uzi, tundu moja chini ya gitaa, anasema "nimebadili kopedenti". Mwingine kabadilishana kazi za leva mbili nzima, anasema kopedenti ni ile ile, si nyuzi bado ziko kwenye tyuning ya E9? Wote wamekosea, kila mmoja kwa upande wake.

Maana yenyewe fupi. Kopedenti ni mpangilio mzima wa gitaa lako: kila uzi ukiwa wazi unatoa noti gani, halafu kila pedali na kila leva ya goti inapandisha au kushusha uzi upi, kwa kiasi gani. Watu huichora kama jedwali, nyuzi zinashuka, pedali na leva zimejipanga juu. Basi.

Asili ya neno ndo penye shida. Ni neno la kutungwa, mtunzi wake Tom Bradshaw, limetokana na maneno matatu ya Kiingereza yaliyokatwakatwa: "chord", yaani noti kadhaa zinazolia pamoja, "pedal", na "arrangement", yaani mpangilio. La kwanza limebaki kichwa bila ile h, la pili kichwa, la tatu mkia, ikatoka copedent. Sasa angalia vizuri humo ndani, pedali ipo, mpangilio upo, goti halipo. Pedali za miguu zilitangulia kwenye haya magitaa na leva za goti zikaja baadaye, kwa hiyo jina lenyewe linamfanya mtu aone pedali ndo kopedenti na leva ni nyongeza ya pembeni, wakati E9 ya leo ukiiondolea leva umeiondolea nusu ya sauti zake. Na tyuning, yaani noti za nyuzi zikiwa wazi, ni safu moja tu ya lile jedwali, kwa E9 ni: F#, D#, G#, E, B, G#, F#, E, D, B, kutoka uzi wa 1 mpaka wa 10. Ukinitajia hiyo peke yake bado sijajua gitaa lako linafanya nini.

Mimi liliniingia siku nilipokaa kwenye gitaa la mwenzangu. Nikamuuliza limekaaje, akasema kopedenti ya kawaida, E9. Pedali zake zilikuwa kinyume na zangu, hizo niliziona nikajipanga, goti sikulifikiria. Kwangu goti la kushoto likisukuma kushoto, E zote mbili, uzi wa 4 na wa 8, zinapanda kuwa F. Nikaweka chuma, kile kipande kinachoteleza juu ya nyuzi, fireti ya 3, nikakanyaga pedali inayoitwa A, nikasukuma goti nikisubiri E meja imetulia, kikaja kitu kinaning'inia: E ipo, B ipo, F# ipo, ila G#, ambayo ndo inaifanya iwe meja, haipo. Leva yake ya upande huo inashusha E kuwa D#. Ya kupandisha iko goti la kushoto hilo hilo, ila unasukuma kulia. Na ina sababu nzuri kabisa, kuna mipangilio miwili yenye majina ya wapigaji wa pedali stili: wanaofuata wa Buddy Emmons pedali A iko kushoto, wa Jimmy Day iko kulia, na mguu ukiegemea pedali A goti nalo linaelekea huko huko, kwa hiyo leva ya F, ile ya kupandisha E, inaifuata. Tyuning ile ile, kopedenti nyingine.

Turudi kwa yule wa rodi. Leva inazungusha shafti, kwenye shafti kuna kikono cha chuma chenye matundu, rodi inashikia hapo na kwenda mpaka kwenye chenja, mtambo unaoshika ncha za nyuzi upande wa kulia, inavuta uzi. Ukiitoa rodi tundu la karibu na shafti ukaipeleka la mbali, mwendo wa leva unakuwa mfupi na goti linasikia uzito, ukiirudisha karibu inalainika ila goti linasafiri zaidi. Kwenye chenja ni kinyume, tundu la karibu na ekseli ndo fupi na zito. Uzi wa 8 ni mnene na wa 4 mwembamba, kwa hiyo ukitaka zishuke pamoja mpaka D# mara nyingi rodi zake hazikai matundu yanayofanana, usipolishughulikia hilo utasikia moja imetangulia na nyingine inaikimbiza. Halafu unaweka sawa skrubu inayosimamisha leva, ndo unamalizia na nati za nailoni kutyuni upya. Gitaa limelala kifudifudi, tochi mdomoni, jioni nzima imeisha, na ni kazi ya heshima. Ila E ilikuwa inashuka D# na mpaka sasa inashuka D#, kwenye jedwali hakuna herufi hata moja iliyohama.

Kwa hiyo ndugu yangu wa rodi, wewe umerekebisha mwendo wa leva, liite hivyo tutakuelewa haraka zaidi. Na wewe uliyebadilishana leva mbili, kopedenti yako imebadilika hata kama hujagusa tyuning, ichore upya uiweke ndani ya kasha la gitaa, ili atakayekaa hapo baada yako ajue G# yake ya fireti ya 3 iko upande gani wa goti.