Kabla hujanunua paipu ya rolba, kaa kwanza kwenye gari

Mimi nafundisha ufundi wa magari na kuchomelea vyuma chuoni hapa Malindi, na vijana wanaojiundia magari ya michezo nyumbani naona wanazidi, wengine wanachukua chasi ya Beetle iliyolala miaka chini ya mwembe wanaifanya bagi, yaani kigari cha wazi cha kukimbilia mchangani, wengine wanaunga vyuma vya mraba mpaka vinatoa umbo la ile Lotus Seven ya 1957, kigari cha wazi cha Kiingereza, na kusema kweli kazi zao nyingi zinanipa raha. Lakini wakija kwangu swali huwa ni lilelile, mwalimu, rolba nitumie paipu ya inchi ngapi? Na mimi huwarudishia swali, we ushakaa ndani ya hio gari ukiwa umevaa helmeti?

Manake rolba, yaani ule upinde wa chuma unaosimama nyuma ya siti, kazi yake ni moja. Gari isiyo na paa ikipinduka, kitakachopiga ardhi kisiwe kichwa chako. Sasa kama kichwa kimepita juu ya chuma, hata hio paipu iwe nene kama mtutu wa mzinga haikusaidii kitu.

Kijana mmoja aliniletea bagi yake, rangi ya samawati, nyuma ameweka upinde wa chuma cha pua unaong'aa mpaka unajiona uso. Nikamwambia mwanangu, panda, vaa helmeti, funga mkanda, kaa vile unavyoendesha. Tukachukua ufito wa mkoko, mmoja wa zile zilizobaki tulipoezeka banda, ncha moja tukailaza juu ya upinde na nyengine juu ya dashibodi pale mbele. Haukulala. Ulipanda juu ya helmeti yake kama bembea, ukawa unayumba huku na huku. Akaushika kwa mkono akautazama, hakusema neno. Mama yake alikuwa amesimama mlangoni pa karakana na yeye ameona.

Hicho kipimo cha ufito mnaweza kukifanya leo hiihii nyumbani bila senti moja. Vilabu vingi vya mbio vinataka juu ya upinde pawe juu ya helmeti kwa sentimita 5 au zaidi, na ule mstari kutoka juu ya upinde mpaka sehemu ngumu ya mbele ya gari nao upite juu ya helmeti bila kuigusa. Zingatieni hapo niliposema sehemu ngumu. Boneti ya faiba haihesabiwi, inavunjika kama kigae, lazima ufito uangukie pahala penye chuma chini yake. Na mpime na dereva mrefu kuliko wote atakaeendesha, na siti ikiwa na mito yake yote, sio siti tupu. Yule kijana tulimshusha yeye kabla ya kufikiria kupandisha chuma, siti yake ilikuwa imekalia kisanduku cha mbao cha kuwekea spana, tukakitoa akapata sentimita 9 za bure. Mara nyingi jibu liko chini ya makalio na watu wanalitafuta juu.

Baada ya urefu ndio naangalia miguu, na hapa ndipo naposikitika zaidi. Ule upinde wa bagi ya samawati ulikuwa umefungwa kwa bolti kwenye bodi ya faiba, chini yake washa, kile kipete cha bati cha chini ya bolti, ndogo sawa na sarafu ya shilingi ishirini. Wazee wetu wa jahazi wanajua hili jambo kuliko sisi wa magari, mlingoti hausimamishwi juu ya ubao wa sitaha ukaachwa hapo, unashushwa mpaka chini kabisa kwenye uti wa chombo, alafu unashikwa na kamba huku na huku. Rolba ni hivohivo. Miguu ishuke mpaka kwenye chasi, na kwa wenye Beetle, jueni ile sakafu yake ni bati jembamba tu, nguvu iko kwenye ule mfereji wa katikati na kwenye bomba nene linalokata nyuma ya siti ambalo ndani yake kuna vyuma vya springi, basi unganisheni miguu na huko kwa fremu ya chuma.

Na zile kamba za mlingoti kwenye gari ni mikono miwili ya kurudi nyuma, inaanzia juu karibu na kona za upinde inashuka kwenye chasi nyuma, imenyooka bila kukunjwa, na inakaa mlalo wa nyuzi 30 au zaidi kutoka wima. Alafu kuna mshazari mmoja unaokata upinde kutoka kona ya juu mpaka mguu wa upande wa pili, huo ndio unaozuia upinde kulala ubavuni. Ukiona rolba inauzwa dukani ni upinde mtupu hauna mikono nyuma wala mshazari, hilo ni pambo. Ziko nyingi hasa za zile Mazda MX-5, vigari vya wazi vya siti mbili, na wauzaji wanaziita rolba bila haya, we usizinunue kwa ajili ya usalama.

Kwa nini nang'ang'ania mikono? Hesabu yenyewe ni hii. Kanuni za zamani za FIA, lile shirikisho la kimataifa la mbio za magari, zilitaka rolba ya gari la wazi ihimili kwa wakati mmoja mzigo wa mara 7.5 ya uzito wa gari ukisukuma chini, mara 5.5 ukisukuma mbele au nyuma, na mara 1.5 kwa ubavu. Chukua kigari chako chepesi, pamoja na dereva kilo 700. Chini ni kilo 5,250, zaidi ya tani tano. Kwenda nyuma ni kilo 3,850. Sasa hebu fikiria upinde mtupu unasukumwa kwa juu na karibu tani nne na umeshikwa kwa chini tu, utalala kama mnazi uliong'olewa na upepo, na utakaelaliwa ni wewe.

Miguuni weka plati. FIA wanasema plati ya kuimarisha chini ya mguu wa upinde mkuu iwe na unene usiopungua milimita 3 na eneo lisilopungua sentimita 120 za mraba, kata 11 kwa 11 na umefika, na mikono ya nyuma nusu ya eneo hilo. Bolti tatu kila mguu mkuu, za M8, yaani upana wa milimita 8, kwenda juu, na kichwani mwa bolti pawe pamechorwa 8.8, ndio alama ya nguvu yake. Bolti isiyo na namba ni ya kitanda.

Haya, paipu sasa. Najua wengi mnataka kutumia paipu ya maji ya inchi moja na nusu, na mnaniambia mwalimu hii ni nene kuliko hio ya mbio unayosema, na ni kweli, kwa nje ile ina milimita 48.3. Shida sio unene. Ile imetengenezwa ibebe maji, ina mshono wa kuchomelewa urefu wake wote, na ukienda kuipinda mshono ndio unaoanza kupasuka, tena wakati mwengine unapasuka kwa ndani hata huoni. Na imepakwa zinki, ukiichomelea bila kuisugua ule moshi mweupe unakupa homa ya usiku kucha, vijana wengi wanadhani ni malaria. Kitu cha kutafuta ni paipu isiyo na mshono, iliyovutwa baridi, chuma cha kawaida chenye kaboni isiyozidi asilimia 0.3. Kwa upinde mkuu FIA wanataka upana wa nje milimita 45 na ukuta wa paipu unene wa 2.5, au 50 kwa ukuta wa 2. Mikono na mshazari 38 kwa 2.5, au 40 kwa 2. Kama Malindi hamuipati agizeni Mombasa au Nairobi, na muulizie cheti cha kiwanda, asiyekuwa nacho muacheni na paipu yake. Kuna wanaotaka kromoli, chuma kilichochanganywa na kromi na molibdeni, kwa vile wameona magari ya nje yanatumia, ile inataka mchomeleaji mzoefu sana, akikosea joto pembeni ya mshono panakuwa pagumu kama kioo na panakatika. Kwa gari la nyumbani chuma cha kawaida kinatosha kabisa.

Kupinda. Ile ya kujaza mchanga ukapasha moto na gesi nishaiona mara nyingi na inanitia hofu, kwanza mchanga ukiwa na unyevu paipu inaweza kukulipukia, pili joto linabadilisha chuma, tatu pale kwenye kona inabonyea. Paipu ya rolba inapindwa baridi kwa mashine, na nusu kipenyo cha kona kisiwe chini ya mara tatu ya upana wa paipu, kwa 45 ni milimita 135. Ukishapinda chukua kalipa, kile kipimo cha taya mbili, upime kona, upande mwembamba ugawe kwa upande mpana, isipungue 0.9. Majuzi tulipima moja, ilikuwa 40 kwa 47. Ukigawa unapata 0.85. Kwa macho ilikuwa nzuri, fundi wake alikuwa anaisifia, lakini tuliikata. Na upinde mkuu uwe kipande kimoja kutoka mguu mpaka mguu, sio vipande vimeungwa pale juu.

Kwenye kuchomelea nina neno moja kwa sisi watu wa pwani. Mashine ya migi, ile ya kuchomelea kwa waya, inalindwa na gesi, na upepo wa kusi unapoingia karakana ya wazi unaipeperusha ile gesi, mshono unatoka na vitundu vitundu. Fungeni milango au zungusheni turubai. Na kama mnatumia vijiti vya kuchomelea vya namba 7018, vile vinavuta unyevu upesi sana na hewa yetu hii mnaijua, boksi likishafunguliwa vikae pahala pakavu penye joto, vikilala nje usiku asubuhi msivitumie kwenye rolba, chomeleeni geti.

Wengi picha waliyonayo kichwani ni ya Safari Rally, gari linabingirika mara tano, dereva anatoka anapangusa vumbi. Yale magari hayana rolba tu, yana kizimba kizima cha mapaipu kumzunguka dereva, na ndani amekaa kwenye siti inayomkumbatia, mkanda wa mabega, helmeti kichwani. Ukitoa kimoja vingine vinageuka kuwa hatari. Hapa naomba mnisikilize vizuri, hasa mnaoendesha hizi gari barabarani kwenda Watamu au kuvuka daraja la Sabaki bila helmeti na mkanda umelegea. Hapo ile paipu nyuma ya kisogo chako ndio itakayokupasua kichwa hata gari isipopinduka, gongwa kidogo tu kwa nyuma inatosha. Kila pahala kichwa kinapoweza kufika pavikwe sponji maalum ile ngumu, iliyopigwa chapa ya kiwango cha FIA 8857-2001 au SFI 45.1, hii ya pili ni ya shirika la Marekani la vifaa vya usalama wa mbio. Sponji ya godoro usiweke, ukiibonyeza kwa kidole ikafika kwenye chuma, basi na kichwa kitafika. Mkanda wa mabega uwe na paipu yake ya kulala iliyochomelewa kwenye upinde, karibu na usawa wa mabega au chini yake kidogo, kwa sababu ukiufunga sakafuni gari ikigonga unakukandamiza uti wa mgongo kuelekea chini. Na jua letu linaula mkanda, ukiona umepauka na kukakamaa badilisha.

Upana nao usisahaulike, upinde ufunike na abiria, sio wewe peke yako. Na gari ukishaibadilisha bodi ipelekeni ukaguzi NTSA, ile mamlaka ya usafiri na usalama barabarani ya Kenya, kumbukumbu zirekebishwe, kabla haijakanyaga lami.

La mwisho ni chumvi. Rolba inaliwa kutoka ndani, na ndani hakuna rangi. Niliwahi kuletewa gari iliyokuwa inakaa karibu na bahari Mambrui, upinde kwa nje rangi yake safi kabisa, nikaugonga kwa nyundo mguu wa kulia ukalia ta ta, wa kushoto ukalia du. Nikatoboa tundu dogo chini, yakatoka maji ya kahawia yananuka chumvi, nikachukua bisibisi nikaibonyeza pale, ikaingia mpaka kwenye mpini. Mwenyewe alikuwa anabeba watoto wake ndani ya hio gari kila Jumapili. Kwa hivo toboeni tundu la milimita 5 kwenye upinde mkuu, pahala pasipobeba mzigo mkubwa na mbali na kona, mkiingiza waya wenye ncha iliyokunjwa mtapima unene wa chuma kwa ndani, mpulize mafuta ya kuzuia kutu, alafu mzibe na kifuniko cha mpira. Masika yakiisha fungueni muangalie, na bolti za miguuni mzikaze upya baada ya safari mbili tatu za kwanza, kwa vile rangi mpya chini ya plati hubonyea na bolti zikalegea.