Oksijeni ikishuka baada ya nebulaiza, msimvue mgonjwa maski

Nimelisikia tena hapa Moshi, na safari hii kutoka kwa mtu wa afya: "Daktari, nebulaiza imemzidishia, tumeitoa." Mama mwenye pumu, aleji imempanda kwa vumbi, kavutishwa salbutamoli, dawa ya kufungua mirija ya hewa, kwa nebulaiza, mashine inayogeuza dawa kuwa ukungu wa kuvuta kwa maski. Muda si mrefu kipimo cha oksijeni cha kidoleni kikashuka kutoka asilimia 93 hadi 90. Filimbi ya pumzi kifuani ilikuwa imepungua, na mama alikuwa anamaliza sentensi bila kukatisha. Hayo hayakutazamwa. Ilitazamwa namba, maski ikavuliwa.

Chanzo ni ile imani kwamba pumu ni shida ya mirija ya hewa, basi. Mishipa ya damu haimo kabisa kwenye hesabu.

Msuli wa mguu ukikosa oksijeni, mishipa yake hutanuka. Mapafu hufanya kinyume: sehemu isiyo na hewa hubana mishipa yake ili damu iende penye hewa. Von Euler na Liljestrand walilionyesha hilo kwa paka mwaka 1946. Ndivyo afanyavyo mgawa maji wa mfongo, mfereji wa kumwagilia mashamba, anayeziba njia ya shamba lisilo na mwenyewe ili maji yafike kwa anayengoja.

Aleji huvuruga mgao huo. Seli za masti, seli za kinga zinazochochea aleji, zikimwaga histamini na kemikali wenzake, mirija hubana na ute hujaa. Hilo mnalijua, nalipita. Ninachotaka kishikwe ni kwamba kemikali hizo hugusa pia misuli ya mishipa ya damu, tena hazivuti upande mmoja. Thromboksani hubana. Prostasaiklini hulegeza, na nitriki oksaidi, ambayo huongezeka kwenye pumzi ya mwenye pumu ya aleji, nayo hulegeza. Mshipa uliolegezwa hautii vizuri amri ya kufunga. Damu inapita kando ya vifuko vya hewa vilivyozibwa, inatoka na weusi wake uleule, kisha inachanganyika na ile iliyopata oksijeni.

Salbutamoli nayo inafungua mirija na kulegeza mishipa kwa pamoja. Ute hautoki haraka hivyo, kwa hiyo damu inatangulia kufika mahali ambapo hewa bado haijafika. Ndiyo maana namba inashuka, kwa kawaida kidogo na kwa muda mfupi. Dawa haijakosea. Endesheni nebulaiza kwa oksijeni, si kwa hewa ya mashine peke yake, na muendelee. Akianza kuchoka, maneno yakimkatika, kifua kikinyamaza, hapo ni dharura nyingine kabisa, ita msaada.

Vitabu huchora mishale iliyonyooka sana. Ushahidi mwingi umetoka kwenye mapafu ya wanyama, na jinsi seli ya msuli inavyotambua kwamba oksijeni imepungua bado inabishaniwa: wapo wanaotaja mitokondria, vinu vya nishati vya seli, wapo wanaoanzia kwenye njia za potasiamu, vile vitundu vya utando wa seli vinavyopitisha potasiamu. Wodini, wagonjwa wawili wenye filimbi ileile huwa na oksijeni tofauti kabisa. Ndiyo maana siwaambii wanafunzi kwamba aleji inazima mwitikio huu wa mapafu kubana mishipa. Inaudhoofisha, na si kwa kiasi kimoja kwa kila mtu.

Na mlioko mlimani, msichanganye haya na maji yanayojaa mapafuni kwa sababu ya kupanda juu sana. Kule pafu zima limekosa oksijeni, mishipa inabana kila upande bila usawa, presha inapanda, maji yanavuja. Mpagazi anayehema akiwa amekaa na kukohoa povu pale kambi ya Barafu, Kilimanjaro, asipewe setirizini, dawa ya aleji, akaambiwa alale. Mpeni oksijeni kama ipo, na ashushwe usiku huohuo.