Maziwa hayakati sumu ya viuatilifu

Lori la viuatilifu likipinduka barabara ya Dodoma–Singida, majirani hukimbilia maziwa. Kwamba maziwa "yanakata sumu" ni imani ya siku nyingi, na si kweli. Dawa za kundi la oganofosfeti (viua wadudu vinavyodhuru neva) hupenya ngozi na mapafu. Maziwa huishia tumboni. Aliyelegea anaweza hata kupaliwa nayo. Vua nguo zote, oga kwa maji mengi na sabuni (nyuma ya masikio na kwenye kucha husahauliwa), kisha nenda zahanati na picha ya lebo.

Kusubiri maziwa yafanye kazi hupoteza pia ushahidi. Mabaki ya dawa hizi kwenye mkojo huisha ndani ya siku chache. Kimeng'enya cha kolinesterasi kwenye chembe nyekundu za damu, ambacho dawa hizi hukizuia na kipimo cha damu hukisoma, huchelewa kurudi, hata miezi mitatu au minne. Kwa kuwa wakazi wengi hawakupimwa kabla ya ajali, kipimo kimoja hudanganya: kiwango kinaweza kusomeka "kawaida" na kumbe kimeshuka. Hurudiwa baadaye, ndipo tofauti ionekane.

Ili wafuatiliwe, wakazi waandikwe mapema kwenye orodha: alikuwa wapi, saa ngapi, upepo ulielekea wapi, anachota kisima gani. Waliokimbilia kwa ndugu Bahi au Manyoni wamo. Wasiougua pia, maana bila wao hakuna wa kulinganisha naye.