King'ora kimenyamaza, kwa hiyo mwizi kaondoka? Mambo tunayodanganyana kuhusu alamu za nyumbani zikishalia

Huku Dar sa hivi nyumba zenye alamu ni nyingi kweli, nyingine zimefungwa na kampuni za ulinzi, nyingine mtu kanunua vifaa Kariakoo akamwita fundi, na mara nyingi fundi anakuonyesha namna ya kuwasha na kuzima tu, anachukua chake anasepa. Kinachotokea baada ya alamu kuanza kulia hakuna anayeelezwa. Ndo hapo kila mtu anajitungia majibu yake, na baadhi ya hayo majibu yanawasaidia wezi kuliko wenye nyumba.

"Imenyamaza, basi mambo yameisha"

Hii ndo inayoongoza. King'ora kikikata majirani wanarudi kulala wakijua ama mwenyewe karudi kazima ama mwizi katimka. Ukweli ni kwamba paneli, lile boksi la ndani ambalo waya zote zinaenda kukutana, lina muda wa kelele uliopangwa, fundi ndo anauweka, inaweza ikawa dakika 3, inaweza ikawa 10 au 15, ule muda ukifika king'ora kinakata hata kama jamaa yupo sebuleni anachomoa TV ukutani. Mashine haijui kama kuna mtu kakamatwa au hajakamatwa, inahesabu dakika tu.

Sababu zipo mbili. Kwanza betri, maana king'ora kinakula umeme mwingi kuliko sensa zote (vile vifaa vya kugundua mtu akitembea au mlango ukifunguka) ukizijumlisha. Pili majirani. Uingereza mpaka sheria ipo, ya mwaka 2005, alamu ikilia mfululizo zaidi ya dakika 20, au kwa kukatakata zaidi ya saa nzima, na ikawa kero kwa watu wa pale, ofisa wa halmashauri ana mamlaka ya kuingia kwenye eneo akaizime. Vifaa vinatengenezwa kwa ajili ya soko la dunia, kwa hiyo huo muda wa kukata unaukuta hata kwenye paneli iliyofungwa Mbezi ambako hakuna halmashauri itakayokuja kukugongea kwa ajili ya kelele.

Kitu cha kuangalia ni taa. Visanduku vingi vya king'ora vya nje vina taa ya kuwakawaka, na hiyo kwenye mifumo mingi haikati na kelele, inaendelea mpaka mtu aingize namba ya siri. Kwa hiyo ukipita usiku nyumba iko kimya ila taa ya ukutani inawakawaka ujue hapo ililia na hakuna aliyekuja kuizima. Walinzi shirikishi wa mtaa wangefundishwa hiki kitu kimoja tu wangekuwa wanajua nyumba ipi ya kuanzia.

"Ikishalia ikakata, imejizima, nyumba haina ulinzi tena"

Hapa watu wanakosea upande wa pili. Paneli nyingi kelele zikikata zinabaki zimewashwa vilevile. Inakagua milango na madirisha yake yote, palipofungwa inaendelea kulinda, palipo wazi (labda mlango ambao mwizi kauacha wazi) inapaacha pembeni. Mtu akikatiza koridoni tena inalia upya.

Lakini kuna kikomo, na hiki mafundi wengi hawakisemi kabisa. Sensa ileile ikilia mara kadhaa ndani ya kipindi kimoja cha ulinzi paneli inaifungia, inaacha kuisikiliza mpaka uizime alamu na kuiwasha upya. Idadi ya mara inategemea paneli na alivyoiseti fundi. Lengo ni zuri, ni ili nyumba isipige kelele usiku kucha kwa sababu ya mjusi kafiri anayetembea juu ya kioo cha sensa au buibui aliyejenga mlemle au pazia linalopeperushwa na feni uliyoisahau. Ila maana yake ni kwamba alamu iliyolia mara nyingi tangu saa sita usiku saa tisa inaweza kuwa na jicho moja kipofu.

Na wezi wenye uzoefu wanaichokoza makusudi. Anatikisa dirisha, inalia, anajibanza nje ya ukuta anaangalia. Mwenye nyumba anatoka na tochi, haoni kitu, anarudi. Nusu saa inalia tena, anatoka. Mara ya tatu anatukana, anasema hili lidude limeharibika, anaizima kabisa analala. Yule wa nje ndo alikuwa anasubiri hiyo. Kwa hiyo mtu akiniambia alamu yake "inasumbua siku hizi" swali langu la kwanza ni inasumbua kutokea upande gani, na hapo ndo tunakuja kwenye hili lingine.

"Ukishabonyeza namba kila kitu kinafutika"

Hapana bana. Paneli inaweka kumbukumbu. Ukizima, kile kidude cha ukutani cha kubonyezea namba kinakuonyesha zoni iliyolia, yaani sehemu ya nyumba ambayo sensa yake imegusa, na nyingi zinaonyesha ipi ilianza, nyingine zinatunza mpaka tarehe na saa. Usiwashe upya kabla hujasoma maana kwenye baadhi ya paneli ukiwasha tena lile onyo la mbele linaondoka na itabidi uanze kuchimba kwenye menyu.

Kinachokupa habari ni mpangilio. Sensa moja ya sebuleni imelia mara tatu peke yake, dirisha kimya, mlango kimya, hapo anza kumshuku mjusi. Ila dirisha la jikoni limelia, sekunde chache baadaye koridoni, kisha chumbani, huyo ni mtu anatembea. Polisi wa Uingereza wanatumia mantiki hiyohiyo, kwa alamu za wizi wanataka zithibitishwe kwanza, kwa mfano sensa mbili tofauti kulia, ndo wazipe kipaumbele cha kutuma gari. Jiji la Salt Lake kule Marekani lilienda mbali zaidi, kuanzia Desemba 2000 alamu ya wizi ikilia polisi hawaji mpaka mtu akaone kwa macho yake kwamba kuna tatizo, kwa sababu walichoka, maana makadirio ya Marekani yanasema kati ya asilimia 94 na 98 ya simu za alamu za wizi ni za uongo.

"Inalia mpaka kituo cha polisi"

Kwa nani? Ya kufungiwa na fundi inamwambia jirani na simu yako, basi. Hakuna waya unaokwenda kituoni. Ya kampuni ndo inatuma ishara kwenye chumba chao cha mitambo, pale kuna mtu anaona namba ya mteja na zoni iliyolia, anakupigia, anakuuliza neno la siri, ukilikosa au usipopokea wanalichukulia ni tatizo na gari linatoka. Nyingi zinasubiri kidogo kabla ya kutuma, sekunde 30 hivi, ili kama ni wewe umejichanganya uwahi kufuta. Kampuni nyingi zinatoa pia namba ya siri ya pili kwa ajili ya siku umewekewa panga shingoni, ukiiingiza alamu inazima kawaida kabisa, kimya, ila kule kwao inasomeka kwamba umelazimishwa. Waulize, na kila mtu wa nyumbani aijue, dada wa kazi akiwemo.

"Mwizi akikata umeme tu imekwisha"

Nusu kweli, na hiyo nusu ndo mbaya. Ndani ya paneli kuna betri, sana sana ya volti 12 ya madini ya risasi, umeme ukikatika inashika yenyewe kwa masaa mengi. Kisanduku kizuri cha nje nacho kina betri yake ndogo, ukikata waya wake ndo kinalia zaidi maana kimetengenezwa hivyo, na ukifungua mfuniko kinalia pia hata mchana alamu ikiwa imezimwa.

Sasa matatizo. Betri hizo maisha yake ni miaka mitatu mpaka mitano, kwenye joto letu zinawahi kuchoka, na ukiikuta imevimba ubavuni hiyo ni maiti. King'ora cha bei ya chini hakina betri yake, ni waya mbili tu, ukizikata kwa koleo limekuwa pambo. Alafu mawasiliano, hapa ndo watu wanalia. Alamu za wi-fi zinatuma taarifa kupitia rauta, kile kidude cha intaneti, umeme ukikatika rauta inazima, paneli iko hai kwa betri inalia vizuri kabisa ila simu yako haipati kitu. Zile za kutumia laini zinataka salio, na laini inayokaa miezi bila kutumika mtandao unaweza kuifunga, wewe huna habari mpaka siku ya tukio. Jitumie meseji ya majaribio kila mwezi, na rauta itafutie betri yake ndogo, hizo za kuipa saa kadhaa.

"Mlango ukifunguliwa hapohapo inalia"

Mlango mkuu hapana, unapewa sekunde 30 au zaidi za mlio mdogo ili uwahi kuzima. Sensa ya koridoni nayo inakuvumilia lakini kwa sharti kwamba mlango ndo ulianza kufunguka. Aliyeshukia darini hakupita mlangoni, huyo inamlilia palepale.

"Nimeizima kwa simu nikiwa kazini isisumbue majirani, jioni nitaangalia"

Hii naisikia sana tangu alamu za programu ya simu zilipoingia. Kuzima siyo kunyamazisha. Ukibonyeza kuzima umeondoa ulinzi wote, sensa za ndani haziripoti tena mtu akitembea, na kama una kampuni wao wanapokea kwamba mwenyewe kafuta kwa hiyo gari linaweza kugeuzwa njiani. Kama programu yako ina kitufe cha kunyamazisha tu, tumia hicho. Kama haina, acha ilie muda wake uishe, majirani watakusamehe. Au zima, soma zoni, washa hapohapo tena. Ikikataa kuwaka ikikwambia mlango wa nyuma uko wazi, na asubuhi uliufunga kwa mkono wako, acha kuchezea simu, piga 112, alafu mpigie jirani umwambie aangalie kwa nje ya geti tu, ndani asiingie.